Darasa Lisilo na Kengele: Sayansi ya Kujifunza Ukiwa Nyumbani

Utangulizi

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa UVIKO-19. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi madarasani tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni mwaka huo huo. Nchini Kenya madarasa yote hayakufunguliwa mpaka Januari 2021, na nchini Uganda mpaka Januari 2022. Katika muda huo masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na baadhi ya walimu walituma kazi kwa njia ya simu. Shule zilipofunguliwa, njia hizo hazikutoweka. Leo mwanafunzi mwenye simu iliyounganishwa na intaneti anaweza kusoma vitabu vya kiada katika maktaba ya mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kufuata somo zima bila kukanyaga darasani.

Hata hivyo, wengi waliojaribu kujifunza kwa njia hiyo wameona jambo la kustaajabisha. Mwanafunzi ambaye shuleni huweza kukaa kipindi baada ya kipindi kuanzia asubuhi hadi mchana, akiwa nyumbani hushindwa kutulia hata kwa nusu saa. Aghalabu wazazi husema ni uvivu, na mwanafunzi mwenyewe huanza kuamini hivyo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba chanzo kikubwa si uvivu, wala si ukosefu wa vyombo. Chanzo ni kwamba shule humfanyia mwanafunzi kazi fulani ambayo haonekani kufanyiwa, na anapokuwa nyumbani hakuna anayeifanya kazi hiyo mpaka yeye mwenyewe aipange.

Mifano yetu tutaichukua Ubaruku, mji wa wakulima wa mpunga katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kwenye tambarare za Usangu. Tumechagua mahali hapo kwa sababu huko kazi za nyumbani haziwezi kuahirishwa. Mpunga ukianza kukomaa, ndege hawasubiri mwanafunzi amalize somo lake.

Kazi ya shule isiyoonekana

Hebu tufikirie siku ya kawaida shuleni. Kengele inapolia, mwanafunzi hana haja ya kuamua asome somo gani. Ratiba imekwisha kuamua. Anapoketi penye dawati lake, mahali penyewe panamkumbusha kazi inayofanyika hapo. Mwalimu anapopita kati ya madawati, anayezubaa hurudi kazini. Na wenzake wote wanapoinamia madaftari yao, naye huona aibu kutazama dirishani.

Kwa hiyo kuna mambo manne: wakati uliokwisha pangwa, mahali maalumu, msimamizi, na wenzi wa kazi. Mambo haya yote yanasaidia kitu kimoja ambacho wanasaikolojia hukiita uzingativu, yaani uwezo wa akili kushika jambo moja na kuyaacha mengine yapite. Nyumbani yote manne hukosekana kwa wakati mmoja. Mwanafunzi hulazimika kuwa kengele, dawati, mwalimu na mwenzi wa nafsi yake, na bado abaki na nguvu za kujifunza hesabu za milinganyo. Ili tuone jinsi ya kumpunguzia mzigo huo, yafaa kwanza tufahamu mipaka ya akili yenyewe.

Akili hushika mambo machache

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alionyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu hushika kwa mara moja mambo yapatayo saba tu, mawili zaidi au mawili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan, naye wa Marekani, alipitia majaribio mengi yaliyofanywa baadaye na kuona kwamba, mtu asipopata nafasi ya kuyapanga au kuyarudia moyoni, idadi hiyo hushuka hadi manne hivi. Ndiyo kusema kwamba nafasi tunayofikiria ndani yake ni ndogo sana. Kila kitu kinachoingia humo, kama vile mlio wa simu au maneno ya watu wanaozungumza ukumbini, hukifukuza kingine.

Yako mawazo kwamba kijana wa leo anaweza kusoma huku akijibu ujumbe wa simu. Wazo hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa jaribio lifuatalo, ambalo halihitaji maabara.

Jaribio la kwanza. Vyombo: karatasi, kalamu, na saa yenye mshale wa sekunde au simu.
(a) Andika herufi A hadi J kwa mfululizo, kisha tarakimu 1 hadi 10 kwa mfululizo. Mwenzako apime muda.
(b) Sasa andika herufi na tarakimu hizo hizo kwa kupokezana: A, 1, B, 2, C, 3, na kuendelea mpaka J, 10.
(c) Linganisha muda wa (a) na wa (b), kisha hesabu makosa.

Idadi ya alama ulizoandika ni ile ile, nayo ni 20. Bila shaka utaona kwamba mara ya pili umetumia muda mrefu zaidi, na pengine umekosea. Muda huo wa ziada ni gharama ya kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Arthur Jersild aliipima gharama hiyo nchini Marekani mwaka 1927, na majaribio mengi yaliyofuata yamethibitisha alichokiona. Ubongo haufanyi kazi mbili za fikra kwa pamoja. Huhama kutoka moja kwenda nyingine, na kila uhamaji una gharama yake.

Kuna na gharama nyingine isiyopimika kwa saa ya mkononi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye kazi ya kwanza. Tunaweza kuyaita hayo mabaki ya fikra. Mwanafunzi anayesoma ujumbe wa simu katikati ya somo hapotezi dakika ile moja tu ya kuusoma. Hurudi kwenye somo lake akiwa nusu, nusu nyingine ikitunga jibu.

Wakulima wa Usangu hawatashangazwa na habari hii. Wanajua kwamba maji ya mfereji mmoja yakifunguliwa kwa pamoja kwenye majaruba mengi, hakuna jaruba litakalojaa. Ndiyo maana wana zamu ya maji. Uzingativu nao hutaka zamu.

Habari ya kelele

Si kelele zote zinazodhuru kwa kiasi kimoja. Uchunguzi uliofanywa tangu miaka ya 1970 umeonyesha kwamba sauti inayobadilika-badilika, hasa maneno ya watu, huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi zaidi kuliko mvumo wa namna moja usiobadilika. Kwa mwanafunzi wa Ubaruku maana yake ni hii: mngurumo wa mbali wa mashine ya kukoboa mpunga unaweza kumsumbua kidogo kuliko redio iliyo karibu inayoimba nyimbo zenye maneno, hata kama redio hiyo imepunguzwa sauti na yeye anaipenda. Akilazimika kuchagua, na akae upande wa mashine.

Kusahau na dawa yake

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akakariri upya na kupima muda aliouokoa kwa sababu ya kujifunza mara ya kwanza. Baada ya saa 1 hivi, alichookoa kilikuwa yapata asilimia 44. Baada ya siku 1 kilikuwa asilimia 34, na baada ya siku 31 asilimia 21. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kusahau hutokea kwa kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Somo lenye maana hukaa muda mrefu kuliko silabi tupu, lakini umbo la mteremko huo ni lile lile. Kwa hiyo marudio ya kesho yana thamani kubwa kuliko marudio ya mwezi ujao.

Lakini kurudia namna gani? Wanafunzi wengi husoma daftari mara ya pili na ya tatu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kisayansi. Kundi la kwanza lilisoma habari mara mbili. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walishinda: walikumbuka asilimia 81, na wenzao asilimia 75. Baada ya wiki 1 mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42 tu, na wale waliojitahini asilimia 56.

Matokeo haya yanaeleza kosa linalowanasa wengi. Kusoma tena hutupatia wepesi, nasi huudhania wepesi huo kuwa ni kujua. Kujitahini huonekana kazi ngumu, na pengine hutuaibisha, lakini ugumu huo ndio unaotia jambo katika kumbukumbu ya kudumu. Basi kanuni ni hii: kila baada ya somo, funga kitabu, zima simu, andika unachokumbuka, kisha fungua usahihishe.

Kupanga siku wakati wa kuamia

Sasa tuitumie elimu hii katika siku halisi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Ubaruku, aliye nyumbani katika majira ambapo mpunga umeanza kujaa punje. Familia inamtegemea kuamia, yaani kulinda mpunga dhidi ya ndege, hasa kweleakwelea. Ndege hao hula zaidi asubuhi baada ya jua kuchomoza na tena alasiri kabla ya kwenda kulala. Wakati wa joto la mchana hupumzika vivulini. Tabia hiyo ya ndege ndiyo inayotupa ratiba:

Saa 12:00 hadi saa 4:00 asubuhi: shambani. Hakuna somo jipya, kwa sababu macho yako angani. Anajibu moyoni maswali matano aliyoyaandika jana usiku kwenye kikaratasi.
Saa 5:00 hadi 5:30: somo jipya la kwanza.
Saa 5:40 hadi 6:10 mchana: somo jipya la pili.
Saa 6:10 hadi 6:30: kufunga vitabu na kuandika anachokumbuka, kisha kusahihisha.
Saa 7:00 hadi 8:00: chakula na kazi za nyumbani.
Saa 8:00 hadi 8:30: mazoezi ya hisabati.
Saa 9:00 alasiri hadi saa 12:00 jioni: shambani tena.
Saa 2:00 hadi 2:30 usiku: marudio, na kuandika maswali matano ya kesho.
Saa 3:00 usiku: kulala, mpaka saa 11:30 alfajiri.

Jumla ya muda wa kusoma, mbali na maswali ya shambani, ni saa 2 na dakika 20. Msomaji anaweza kuona ni kidogo. Lakini ni dakika 140 zisizo na uhamaji, nazo hushinda saa sita za kusoma na kuchungulia simu. Angalia pia kwamba kila aina ya kazi imewekwa mahali pake: jambo jipya, linalotaka akili nzima, limepewa mchana tulivu, kukumbuka, ambako hakuhitaji kitabu, kumepewa shamba.

Usingizi nao haukuwekwa kama ziada. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Wakati wa usingizi ubongo huendelea kuimarisha yale yaliyojifunzwa mchana. Mwanafunzi anayekesha ili atumie kifurushi cha intaneti cha bei nafuu cha usiku wa manane huokoa shilingi chache na kupoteza sehemu ya somo lenyewe.

Ratiba peke yake haitoshi, maana nia njema husahaulika. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutimizwa zaidi inapofungwa kwenye alama fulani iliyo wazi. Badala ya kusema, “Nitajitahidi kusoma fizikia,” mwanafunzi aseme, “Nikishaosha mikono baada ya kutoka shambani, nitaketi kwenye kigoda chini ya mwembe na kufungua daftari la fizikia.” Kuosha mikono kunakuwa kengele yake, na kigoda kinakuwa dawati lake. Inafaa kigoda hicho kisitumiwe kwa mchezo wala maongezi, ili mahali penyewe pafundishe mwili kutulia.

Hesabu ya simu

Katika nyumba nyingi simu ni moja, na inatumiwa na watu wote. Hapo mpango unahitaji hesabu. Tuseme somo la video la dakika 40 linapita kwa mwendo wa kilobiti 500 kwa sekunde. Dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo jumla ni kilobiti 1,200,000, yaani megabiti 1,200. Kwa kuwa baiti moja ina biti 8, tunapata megabaiti 150. Somo hilo hilo likiwa sauti tupu kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 19.2 tu, yaani takriban sehemu moja ya nane.

Kutokana na hesabu hii tunapata mafunzo mawili. Kwanza, mchoro wa seli unahitaji picha, lakini maelezo ya historia yaweza kusikilizwa. Pili, ni afadhali kupakua somo mara moja, kisha kukata mtandao na kusoma. Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyookoa fedha na uzingativu kwa tendo moja: simu isiyo na mtandao haina ujumbe wa kumwita.

Funzo la Mtu ni Afya

Kujifunza mbali na darasa si jambo geni nchini Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilishirikisha watu wazima wapatao milioni 2, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Chombo kilikuwa redio, ambayo haiwezi kumwuliza mtu swali wala kumrudisha anayesinzia. Lakini kampeni hizo hazikumwacha msikilizaji peke yake na redio yake. Watu walikutana katika vikundi kwa siku na saa maalumu, wakiwa na kiongozi na kijitabu. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda, kama vile kuchimba vyoo.

Ukichunguza utaona kwamba yale mambo manne ya shule yalikuwamo yote: wakati, mahali, msimamizi na wenzi. Huo ndio urithi unaotufaa leo. Wanafunzi watatu au wanne wa nyumba za jirani, wenye simu moja, wanaweza kusikiliza somo pamoja, kuizima, kisha kila mmoja akaeleza sehemu yake bila kutazama daftari. Asiyeweza kueleza amekwisha gundua penye upungufu wake, naye hakuhitaji mtihani wa mwisho wa mwaka ili augundue.

Kwa walimu na wazazi

Mwalimu anayetuma kazi kwa mbali na atume kidogo na kwa utaratibu: somo moja fupi, maswali matano, na tarehe ya kurudisha majibu. Maswali ya wiki hii yawe na mawili ya wiki iliyopita, ili kupambana na ule mteremko wa Ebbinghaus. Ujumbe ishirini katika siku moja haufundishi; humfanya mwanafunzi ahame mara ishirini.

Mzazi naye anaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama. Na awe na zamu ya kusoma nyumbani, kama ilivyo zamu ya maji mferejini. Zamu hiyo ikifika, mtoto, awe wa kiume au wa kike, asitumwe dukani wala kisimani. Wasichana hasa hukatizwa na kazi ndogondogo, kila moja ya dakika tano, na sasa tumekwisha ona kwamba dakika tano hizo si tano. Karatasi ya mtihani haitamwuliza mtahiniwa ni nani aliyechukua zamu yake.

Maswali na kazi za kufanya

1. Taja mambo manne ambayo shule humfanyia mwanafunzi ili kuulinda uzingativu wake. Eleza jinsi utakavyopata badala ya kila moja nyumbani kwenu.
2. Fanya Jaribio la kwanza kwa watu watano. Tafuta wastani wa muda wa (a) na wa (b), kisha chora mchoro wa nguzo.
3. Somo la sauti la dakika 30 linapita kwa kilobiti 48 kwa sekunde. Je, ni megabaiti ngapi? (Jibu: 10.8)
4. Gawa ukurasa wa kitabu cha biolojia katika sehemu mbili zinazolingana. Sehemu ya kwanza isome mara mbili. Sehemu ya pili isome mara moja, kisha iandike bila kutazama. Baada ya siku saba andika unachokumbuka katika kila sehemu, ulinganishe.
5. Kwa siku tatu, weka alama kwenye daftari kila unapokatizwa ukiwa unasoma, na uandike aliyekukatiza au kilichokukatiza. Wasomee wa nyumbani kwenu orodha hiyo, kisha mpange pamoja zamu ya kusoma.